Radikali Huru na Vidonge vya Antioksidanti

Wanafunzi wengi huingia darasani wakiamini kwamba radikali huru ni sumu na dawa yake ni antioksidanti, yaani kemikali inayozizima. Dhana hiyo ndiyo inayouza vidonge vingi, na ina kasoro kubwa.

Radikali huru ni atomu au molekuli yenye elektroni iliyokosa mwenzake. Haitulii. Hunyakua elektroni au atomu ya haidrojeni kwa molekuli ya jirani, na aliyenyang'anywa hugeuka radikali naye. Ndivyo mafuta yanavyochacha: mnyororo ukishaanza, huendelea mpaka radikali mbili zikutane na kuungana.

Moses Gomberg wa Chuo Kikuu cha Michigan alitangaza radikali ya kwanza ya kaboni mwaka 1900, ingawa alikuwa akitafuta kitu kingine. Mmumunyo wake ulikuwa wa manjano. Ukitikiswa penye hewa, rangi hupotea kwa sababu oksijeni imezinasa radikali. Ukiachwa kidogo, manjano hurudi, kwani molekuli zilizokuwa zimeungana mbili mbili huachana na kutoa radikali nyingine. Sijaona njia bora ya kumfundisha mtu kemia hii kuliko kumwacha aitazame rangi hiyo ikienda na kurudi.

Mwili nao unazihitaji. Seli nyeupe za damu hutengeneza superoksidi, radikali ya oksijeni, kwa makusudi ili ziue bakteria. Nitriki oksaidi, ambayo pia ni radikali, hulegeza mishipa ya damu. Watafiti waliobaini kazi yake walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1998. Superoksidi inayozidi ina kimeng'enya chake cha kuiondoa, kilichoelezwa na wanasayansi McCord na Fridovich mwaka 1969.

Sasa vidonge. Utafiti wa Ufini uliochapishwa mwaka 1994 uliwafuatilia wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, mojawapo ya antioksidanti, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Watu walitarajia kinyume chake! Kikemia, antioksidanti ikishatoa atomu yake ya haidrojeni hubaki radikali yenyewe, ingawa pole zaidi, na hutegemea molekuli nyingine kuirudisha katika hali yake. Kuijaza mwilini kwa wingi si lazima kuongeze kinga.

Anayevuta sigara asimeze vidonge vya beta-karotini, hata kama chupa imeandikwa kwamba vinalinda seli.