Chungu wasio na malkia maana yake nini?

Khalati yangu hapa Mji wa Kale akiona chungu kwenye sukari anakuambia usihangaike na hao wadogo, tafuta shimo ummwagie malkia maji ya moto umalizane nao. Na kwa chungu wengi yuko sawa, hata wale maji moto wa kwenye miembe wana malkia wao, na wale vijana wawili wa Ubelgiji waliopigwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja mwaka 2025 hapa Kenya kwa magendo ya chungu walikua na malkia kama 5,000 kwenye vichupa, sababu malkia ndiye anayetaga, ukiwa naye una koloni nzima.

Sasa kuna chungu ambao hesabu hiyo haiingii. Wako wa aina kadhaa ila mimi ananishangaza Ooceraea biroi, kadudu ka milimita mbili hivi, kipofu, kazi yake kuvamia viota vya chungu wenzake na kuwala watoto wao. Malkia hakuna kabisa na dume kumuona ni bahati, kila mfanyakazi anataga mwenyewe bila kupandwa na yai linatoa jike mwengine, yaani kopi yake.

Lakini si kila mtu anataga anavyotaka, hapana. Wana kipindi cha kama wiki mbili na nusu ambacho wote wanataga pamoja, mayai yakianguliwa ule uwepo wa mabuu tu, yaani watoto wachanga, unawazima wasitage tena, basi wanatoka kuwinda wawalishe, mabuu yakishageuka pupa, ile hatua ya kutulia kabla ya kuwa chungu kamili, mayai yanaanza upya, mzunguko wote siku kama 34. Anayetaga nje ya zamu dada zake wanamkamata na kumuua, hakuna kesi.

Usiwachanganye na Diacamma wa Asia na Australia, hao hawana malkia ila wana bosi. Kila binti anazaliwa na vinundu viwili mgongoni pale mbawa zingekaa, bosi anaving'ata vikatike, na asiye navyo hapati dume maisha yake yote. Ukatili huo!

Huyu biroi asili yake Asia, jeni zake zinaelekea Bangladesh, lakini leo yuko Okinawa, Hawaii mpaka visiwa vya Karibi, na inavyoonekana anasafirishwa na watu, udongo wa miche hivi. Chungu wa kawaida ukibeba wafanyakazi watupu wataisha mmoja mmoja, hawa wakishuka hata wachache bandarini ni ukoo huo, na ukimwaga birika zima ukabakiza watatu chini ya vigae hujafanya kitu.