Mtalii wa kiroho asiye na dini ni mtu wa aina gani?

Kuna wageni wanakuja Mombasa, ukiwauliza dini yao wanakwambia hawana, lakini usidhani hawaamini kitu, waamini kuna Mwenye nguvu kuliko sisi, wanaomba kivyao, wanatafakari, ila si wa kanisa wala msikiti wala hekalu. Na si wazungu peke yao, hata vijana wetu wa hapa hapa wako, ni vile hawasemi nyumbani. Mtu kama huyo akienda mahali pa ibada pa zamani kutafuta utulivu wa moyo ndio tunamwita mtalii wa kiroho asiye na dini. Hayuko kama anayeenda kuhiji manake yeye hana faradhi ya kutimiza, na pia hakuja kupiga picha tu aondoke.

Chukua Jumba la Mtwana, ukishavuka daraja la Mtwapa uko karibu kufika. Ulikuwa mji wa Waswahili karne ya 14, watu wakahama karne iliyofuata, saa hii ni magofu ya matumbawe na mibuyu mikubwa. Ule msikiti wa ufuoni hauna paa lakini kibla bado imesimama imeelekea kaskazini, birika la udhu lipo, na kuna kaburi limechongwa aya ya Kurani kwamba kila nafsi itaonja mauti. Aya hiyo yamgusa yeyote, awe Muislamu asiwe. Mimi nasema mtu akikaa pale alasiri akasikiliza mawimbi akafikiria waliokuwa wakitawadha hapo, hiyo ni ibada ya aina yake na sioni ubaya.

Shida ni pale mtu anapodhani kwa sababu pahali ni pa kale basi hapana wenyewe. Msikiti wa Mandhry pale Mji wa Kale, unaosemwa ni wa 1570, waswaliwa mpaka leo. Kwenye Mnara wa Mbaraki, ile nguzo ya kale ya mawe hapa Mombasa, wapo bado wanaopeleka marashi na ubani. Na Kaya Kinondo huko Diani, moja ya kaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda, zilizoingia urithi wa dunia wa UNESCO 2008, huingii hivi hivi, wafungwa kaniki nyeusi kiunoni, wavua kofia, wamfuata mwenyeji, huchukui hata jani moja, na kupigana busu humo marufuku. Utaambiwa ukumbatie mti mkubwa uuambie shida zako, na watu wanatoka pale wamelegea kabisa, hata wale walioingia wakisema wao hawana dini!

Kwa hivyo ukitaka kuwasha mshumaa wako, au kuketi mbele ya kibla ufumbe macho na kuvuta pumzi zako, muulize mwenyeji kwanza, na akikataa usimbishie, kaa chini ya mbuyu nje, huko hakuna atakayekusumbua.