Maumbile si mazingira

Juzi tulikuwa kwenye kivuko tukirudi Mwanza kutoka Nansio, Ukerewe, baada ya mafungo ya siku tatu. Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini pale Mwanza, lilipoanza kuonekana, kiongozi wetu akaomba kila mtu atoe neno moja la shukrani. Saba kati yetu wakasema kitu kilekile: "Nimemwona Mungu kwenye mazingira." Ningeropoka, ila ndiyo kwanza tulikuwa tumetoka kusali.

Maumbile ni vile vilivyoumbwa: ziwa, mawe, ndege, sisi wenyewe. Mazingira ni hali na vitu vinavyokuzunguka, vya kuumbwa na vya kutengenezwa. Basi.

Utamu uko kwenye mizizi. Mazingira yanatokana na kuzingira, kama adui anavyouzingira mji. Ni ndugu wa mzingo wa duara. Ndiyo maana tunasema mazingira ya kazi, hata mazingira ya rushwa. Neno hili halijali nani kafanya nini, linataka tu kujua kilichopo pembeni yako. Mabomba ya kivuko, moshi wake na chupa za plastiki zinazoelea pale gatini ni mazingira pia. Maumbile yanatokana na kuumba. Mfinyanzi huumba chungu, na ukoo wa neno hilo ni umbo, kiumbe na Muumba. Ukilitamka tu umeshamtaja aliyefanya kazi. Sasa mtu katoka kufunga na kusali siku tatu, anamwona mnandi juu ya jiwe katanua mabawa yakauke, moyo unamlainika, halafu anaokota neno la semina ya usafi!

Najua kwa nini watu wanalikwepa. Maumbile yamegeuzwa neno la staha la sehemu za siri, na mama mtu mzima hataki kulitaja mbele ya padri. Lakini tukiyaacha maneno kila yanapopata aibu, tutabaki na nini?

Wengine hukimbilia asili: "uzuri wa asili". Hapo napo taratibu. Asili ni neno la Kiarabu lenye maana ya shina au chanzo, na linauliza kitu kimetoka wapi. Dada mmoja alikuwa anapiga picha maua ya zambarau yaliyotanda majini, akiyaita zawadi ya asili ya ziwa letu. Lile ni gugu maji, asili yake Amerika ya Kusini. Humu liliingia mwishoni mwa miaka ya 1980. Hata sangara aliletwa na watu katikati ya karne iliyopita. Samaki wenyeji ni kama furu na dagaa.

Kwa hiyo, dada yangu, picha yako ni nzuri na shukrani yako ilikuwa ya kweli. Ukipewa zamu tena, sema maumbile, bila kuona haya. Hata hilo gugu limo.