Baridi Yabisi na Mapafu: Dhana Potofu na Ukweli

Jina lenyewe limewapotosha wengi. Kwa kuwa ugonjwa huu tunauita baridi yabisi, tumezoea kudhani kwamba umeletwa na baridi na kwamba makazi yake ni viungo tu. Ukweli ni kwamba kinga ya mwili ndiyo inayoushambulia mwili wenyewe, nayo haiishii kwenye vidole na magoti: huweza kujaza maji katika utando wa mapafu, kuotesha vinundu ndani yake, au, baya zaidi, kuacha makovu yanayoyakakamaza mapafu hata yashindwe kutanuka. Takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupata makovu ya kumletea dalili, na wapo ambao mapafu huugua kabla ya viungo.

Wengi huamini kuwa mapafu yakiharibika mgonjwa atatambua mara moja. Sivyo. Anayeumwa magoti hapandi ngazi wala hatembei haraka, kwa hiyo upungufu wa pumzi hujificha. Akianza kuhema, jamaa husema ni uzee. Daktari akimwekea stetoskopu mgongoni, usawa wa sehemu ya chini ya mapafu, na kumwambia avute pumzi ndefu, husikia mlio kama wa mkanda wa kunata wa kiatu cha mtoto unapobanduliwa. Eksirei inaweza kuonekana safi ilhali makovu yameshaanza. Picha za CT, yaani eksirei za kompyuta zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande, ndizo huyafichua mapema.

Dhana inayonihuzunisha zaidi ni ile inayowafanya watu waache methotreksati, dawa kuu ya baridi yabisi, kimyakimya kwa kuambiwa kwamba inakausha mapafu. Ni kweli kwamba mara chache, hasa katika mwaka wa kwanza, dawa hii huweza kuleta uvimbe wa ghafla wa mapafu wenye homa, kikohozi kikavu na kuhema, na hapo mgonjwa awahi hospitali bila kungoja. Lakini utafiti mkubwa haukuthibitisha kwamba ndiyo inayoleta yale makovu ya polepole. Sigara, ndiyo, huongeza hatari.

Kovu lililokomaa halifutiki, ila si kweli kwamba hakuna tiba. Dawa za mikofenolati na rituksimabu hutuliza kinga, na nintedanibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa makovu ya mapafu yanayozidi kuenea, hupunguza kasi yake. Kabla ya kuanza dawa za kibayolojia, yaani zinazotengenezwa kwa chembe hai, hasa zile zinazozuia TNF (protini ya mwili inayochochea uvimbe), mgonjwa apimwe kwanza kifua kikuu kilichojificha mwilini, kwa sababu zinaweza kukiamsha.