Eksirei ya kifua: maswali yanayoulizwa sana

Kwenye eksirei nyeusi ni nini, nyeupe ni nini?
Hewa ndo nyeusi, mfupa mweupe, moyo na maji vinakuja weupe weupe wa kijivu. Kwahiyo mapafu yakiwa meusi usishtuke, ila lazima yawe na vimistari vya mishipa ya damu, ukikuta upande mmoja mweusi tii hauna hivyo vimistari hapo hewa inaweza kuwa imevuja nje ya pafu, na mgonjwa kama anahema kwa shida hiyo ni dharura.

Mbona moyo uko kulia?
Picha inatazamwa kama vile mgonjwa amekugeukia, kushoto kwake ni kulia kwako.

Ripoti inasema moyo umetanuka, ninaumwa moyo?
Sio lazima. Kwa mtu mzima moyo usizidi nusu ya upana wa kifua, lakini hiyo ni kama ulipigwa umesimama, mionzi ikaingilia mgongoni na ulivuta pumzi ya kutosha. Mgonjwa wa kitandani anapigwa kwa mbele, moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ndo maana msomaji makini anahesabu kwanza mbavu za nyuma, zikionekana 9 au 10 juu ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo) basi pumzi ilitosha. Bado una wasiwasi? Omba eko ya moyo, yaani ultrasound ya moyo.

Nimeambiwa nina doa kwenye pafu, ni TB?
Jamani hapa watu wanakosa usingizi bure. Doa linaweza kuwa TB, nimonia, kansa, kovu la zamani, hata kivuli cha chuchu tu! TB ya mtu mzima inapenda sehemu za juu za mapafu lakini picha peke yake haithibitishi, makohozi yapimwe. Na kama una picha ya zamani nenda nayo, tafadhali usiitupe, maana doa lililokaa vilevile miaka na doa lililoota juzi ni vitu viwili tofauti kabisa. Nimonia nayo inaweza kupona wewe ukawa mzima na picha ikachukua wiki 6 kusafika.

Ikiwa safi, sina kitu?
Hapana. Pumu, damu iliyoganda kwenye mshipa wa pafu, hata shambulio la moyo vinaweza kuacha picha safi. Ukiendelea kubanwa kifua au kukohoa damu rudi hospitali siku hiyohiyo.

Mionzi je?
Picha moja ni kidogo sana, kama mionzi ya asili ya siku chache, CT (kile kipimo cha eksirei za vipande vipande kwa kompyuta) ndo inazidi mara nyingi. Mjamzito sema kabla hujapigwa.