Integrali ikikugomea, nionyeshe kwanza mipaka yake

Ukifundisha kalkulasi, ujumbe wa "naomba unisaidie hii integrali" unauzoea kama salamu. Kwa kawaida unakuja na picha ya ukurasa wa daftari iliyopigwa harakaharaka: fanksheni inasomeka vizuri, lakini zile namba mbili ndogo, ya chini na ya juu ya alama, zimekatwa. Mwenye swali haoni kama amepoteza kitu. Kwake yeye mipaka ni kazi ya mwisho. Kwanza upate integrali, yaani fomula ambayo derivativu yake (kasi ya kubadilika kwake) ni fanksheni uliyopewa, ndipo uingize namba na kutoa. Kwa mazoezi ya kawaida utaratibu huo unafika. Kwa swali gumu, mara nyingi huo utaratibu ndio uliomkwamisha.

Tazama hii:

∫₀¹ ln(1 + x) / (1 + x²) dx

Ni swali kongwe. Mfaransa Joseph Serret aliliandikia makala mwaka 1844, na mwaka 2005 likatokea tena kwenye mashindano ya Putnam, yale ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na Kanada. Wanaoniletea huwa wameshapambana nalo kwa kanuni ya zao la fanksheni mbili. Wanatafuta derivativu ya ln(1 + x), wanageuza 1/(1 + x²) kuwa arctan x (pembe ambayo tanjenti yake ni x), na baada ya mstari mmoja wana integrali mpya: arctan x kugawanya kwa 1 + x. Haifunguki. Wanatumia kanuni ileile mara ya pili, na hapo wanajikuta wanaitazama integrali waliyoanza nayo.

Wala si kwamba wamekosea hesabu. Integrali ya fanksheni hii bila mipaka haiandikiki kwa fanksheni tulizozizoea, yaani polinomia, vipeuo, logi, fanksheni za kipeo, saini, tanjenti na ndugu zao. Joseph Liouville alionyesha katika miaka ya 1830 kwamba mambo ya namna hii yapo na yanathibitishika. Mfano unaojulikana zaidi ni e^(−x²). Unaweza kukesha na e^(−x²), hutaipata fomula yake, kwa sababu haipo. Lakini iwekee mipaka kutoka −∞ hadi ∞, na jibu ni √π, safi kabisa. Eneo chini ya mchoro wa fanksheni, ambalo ndilo integrali yenye mipaka hupima, lipo na namba yake ipo, ila njia ya kulifikia haipiti kwenye fomula.

Turudi kwa Serret. Asili ya sehemu ni 1 + x², na hiyo peke yake inatosha kukunong'oneza tanjenti. Weka x = tan θ. Hapo dx ni sec²θ dθ (sec θ ni 1/cos θ), na 1 + x² nayo ni sec²θ, kwa hiyo zinafutana. Mipaka inahama: x = 0 inakuwa θ = 0, na x = 1 inakuwa θ = π/4. Tunabaki na

I = ∫ ln(1 + tan θ) dθ, kuanzia 0 hadi π/4.

Wengi wakifika hapa wanatafuta integrali ya ln(1 + tan θ), na wanarudi kwenye ukuta uleule. Usiitafute. Angalia mipaka. Ukilipima eneo kutoka kushoto kwenda kulia au kutoka kulia kwenda kushoto, ni eneo lilelile. Kwa hiyo popote palipo θ tunaruhusiwa kuandika π/4 − θ bila kubadilisha thamani ya I. Kanuni ya tanjenti ya tofauti ya pembe mbili inasema tan(π/4 − θ) = (1 − tan θ)/(1 + tan θ). Jumlisha 1, na vile vya juu vinakusanyika kuwa 2/(1 + tan θ). Logi yake ni ln 2 − ln(1 + tan θ). Kwa maneno mengine,

I = (π/4) ln 2 − I

na I = (π/8) ln 2, takriban 0.2722.

Hakuna mahali tulipopata integrali ya ln(1 + tan θ). Tulichotumia ni kwamba π/4, mpaka wa juu, ndiyo pembe ambayo tanjenti yake ni 1, na hiyo 1 ndiyo iliyofanya sehemu ijipange vile. Badilisha mpaka wa juu wa swali la mwanzo uwe 2 badala ya 1, na ujanja wote unakufa: fanksheni ni ileile, lakini θ inaishia arctan 2 na hakuna kinachofutana tena. Ndiyo maana picha isiyo na mipaka huwa naijibu kwa swali badala ya suluhisho.

Kuna jambo jingine ninalodai kabla sijashika kalamu, na hili wanafunzi hulipuuza sana: makadirio. Thamani ya fanksheni yetu kwenye x = 0 ni 0, kwenye nusu ni 0.3244, kwenye 1 ni 0.3466. Kanuni ya Simpson, njia ya kukadiria eneo kwa thamani hizo tatu, inataka ya katikati izidishwe mara nne, tujumlishe zote, tugawanye kwa 6: inatoka 0.2740. Kazi ya dakika mbili, na tayari tuko jirani kabisa na jibu. Mtu akiniletea suluhisho la kurasa tatu linaloishia na 0.41, sina haja ya kusoma kurasa hizo ili kujua kuna alama imepotea njiani. Yeye pia hakuwa na haja ya kunisubiri mimi.

Makadirio yanaokoa hata pale ambapo kila mstari unaonekana halali. Integrali ya 1/x² kutoka −1 hadi 1: unaandika −1/x, unaingiza mipaka, unapata −1 − 1 = −2. Lakini 1/x² haiwi hasi popote. Eneo la kitu kilicho juu ya mhimili tupu litakuwaje −2? Kosa ni kwamba fanksheni inalipuka kwenye 0, katikati ya mipaka, na kuingiza namba kule mwisho kunaruka juu ya shimo hilo bila kuliona. Integrali hii haina thamani yenye kikomo. Alama ya hasi ndiyo iliyotoboa siri.

Programu za kompyuta zitakupa 0.2722 kwa kufumba na kufumbua, na sioni ubaya kuzitumia. Mimi mwenyewe nazitumia kuhakiki. Ila ukiiomba programu integrali ya Serret bila mipaka, jiandae kupokea mstari mrefu wenye dailogarithimu, fanksheni maalumu isiyo miongoni mwa zile tulizozizoea, na namba changamano ndani yake. Ni jibu sahihi, na kwa mwanafunzi aliyetaka kuelewa ni sawa na kutojibiwa.

Programu hizo pia ndizo chanzo cha malalamiko ya "jibu langu ni tofauti na la kompyuta". Hapa mara nyingi hakuna ugonjwa. Integrali ya 2 sin x cos x, mmoja ataandika sin² x, mwingine −cos² x, na kompyuta huenda ikasema −½ cos 2x. Wote wako sahihi. Toa la pili kwenye la kwanza: sin² x + cos² x, yaani 1. Zinapishana kwa namba isiyobadilika, na ndiyo kazi ya ile +C ambayo watu huiandika kwa mazoea tu. Kabla ya kulalamika, tafuta derivativu ya majibu yote mawili; zikirudi kwenye fanksheni moja, nenda kalale.

Kwa anayetaka kujipima, Putnam ya mwaka 1987 ilikuwa na hii:

∫₂⁴ √ln(9 − x) / [ √ln(9 − x) + √ln(x + 3) ] dx

Usithubutu kutafuta fomula ya kilicho ndani. Jumla ya mipaka ni 6, kwa hiyo andika 6 − x palipo x, uone asili ya sehemu inafanya nini. Na makadirio kwanza: thamani za fanksheni ziko kati ya 0 na 1, upana ni 2, basi jibu liko kati ya 0 na 2. Kwenye x = 3, logi zote mbili ni ln 6, na thamani ni nusu kamili.