Kuziba vimishipa vya goti: yanayosemwa na yalivyo

Video za tiba hii ya maumivu ya goti, ya kuziba vimishipa vya damu, zinazunguka WhatsApp, na hapa Tanga wenye magoti mabovu hatuhesabiki. Mama anayekuna nazi akiinuka kwenye mbuzi lazima ashike ukuta. Kaulize baraza lolote la Ngamiani, utasikia haya.

"Ukiziba mshipa, mguu utaoza." Hofu hii siicheki, maana mshipa mkubwa ukiziba, mguu kweli huoza. Lakini mshipa mkuu unaopita nyuma ya goti hauguswi. Kinachozibwa ni vitawi vidogo vinavyolizunguka goti, navyo vimeungana vyenyewe kwa vyenyewe: ukifunga uchochoro mmoja wa Ngamiani, watu watapitia mwingine. Goti linaposagika, utando wake wa ndani huvimba na kuotesha vimishipa vipya, na nyuzi za neva huota pamoja navyo. Hivyo ndivyo vinavyolisha uvimbe na kuleta maumivu. Daktari hupitisha mrija mwembamba, aghalabu kuanzia kinenani, akiangalia njia kwa eksirei na dawa ya kuonyesha mishipa. Akifika hupenyeza chembechembe zisizofika hata nusu milimita. Miongoni mwa walioanzisha njia hii ni Yuji Okuno, daktari wa Japani. Madhara yapo: ngozi ya goti kubadilika rangi kwa muda, damu kuvilia kinenani, mara chache kidonda. Mwenye figo dhaifu aseme mapema, kwa sababu ya ile dawa ya kuonyesha mishipa.

"Ni kupasuliwa." Hapana. Ni tundu dogo na ganzi ya mahali hapo. Wengi hulala kwao siku hiyohiyo.

"Uteute wa goti umekwisha, kula bamia." Bamia kuleni, na ugali wa moto ndiyo mahali pake. Ila likishafika tumboni husagwa kama chakula kingine. Halina njia ya kwenda gotini. Tena goti bovu mara nyingi huwa na maji mengi kupita kiasi, ndiyo maana linavimba. Kinacholika ni gegedu, ule mto laini unaofunika ncha za mifupa, na kuziba vimishipa hakulirudishi. Hulenga maumivu tu.

"Inamfaa kila mtu." Anayefaa zaidi ni ambaye goti halijaharibika sana, na dawa na mazoezi vimemshinda. Goti lililopinda, mifupa ikigusana, hilo ni suala la kuwekewa goti bandia, na mazungumzo yake ni na madaktari wa mifupa kama wa MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar.

"Imeshathibitishwa." Bado. Jaribio dogo la Marekani lilionyesha nafuu kuliko tiba ya kuigiza, yaani mgonjwa hufanyiwa kama kweli lakini hazibwi chochote. La Uholanzi halikuona tofauti, wote walipata nafuu. Kwa hiyo anayekushauri uuze kiwanja kwa ajili ya tiba hii, mimi namtilia shaka.

Kabla ya kufunga safari, anzia Bombo, hospitali ya mkoa hapa Tanga. Muhimbili wamekuwa wakifundisha madaktari kazi hizi za mirija na eksirei tangu 2018, lakini mwulize daktari wako kama hii ya goti inapatikana, na bei yake. Wakati huohuo imarisha misuli ya paja na punguza uzito: kila kilo 1 unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi kwa kila hatua. Mbuzi ya kufunga mezani nayo itakuepusha kuchuchumaa. Na ukipigwa eksirei ya goti, omba ipigwe ukiwa umesimama. Ukilala, nafasi kati ya mifupa huonekana kubwa kuliko ilivyo.